Picha ya Geti

Nyumba ya Dharura
Ijumaa, 5 Juni

Ndugu Mwalimu,

Hunijui. Anwani yako nimeitoa kwenye kopo la biskuti alilokuja nalo kaka yako. Limejaa barua zako, na kila bahasha ina mhuri wa shule yenu. Namba yako mwenyewe ya simu haimo popote, na haya si ya simu ya ofisi ya shule, ndiyo maana naandika.

Kaka yako yuko kwetu tangu Jumanne. Hapa tunapokea watu wazima wenye ulemavu wa akili waliopatwa na jambo la ghafla: mlezi kaugua, mlezi kafariki, au mwenyewe amechafukwa mpaka wa nyumbani wakanyoosha mikono. Tuna vitanda sita. Mtu hukaa siku ishirini na nane, zikiisha lazima awe na pa kwenda. Mimi ni mhudumu wa zamu ya mchana, mwaka wa kumi na tisa huu.

Aliyemleta ni jirani yenu, yule mama mshonaji. Anasema mama yenu alipochukuliwa na gari la wagonjwa, kaka yako alijifungia ndani, na habari ya kifo ilipokuja siku ya pili hakufungua. Jirani anasema alikupigia shuleni, kwa hiyo natumaini si mimi ninayekuarifu. Pole sana kwa msiba.

Yeye hajaambiwa. Hatumwambii mtu jambo la namna hii kabla ya kusikia kutoka kwa ndugu zake. Nijibu upesi: aambiwe nini, na nani amwambie? Nieleze pia kinachomtisha na kinachomtuliza. Ameniambia anaitwa Mzee, na kweli anatembea mikono nyuma kama mkaguzi. Jana alizunguka vyumba vyote akanipa taarifa kwamba bomba la jikoni linavuja. Linavuja. Sisi tulikuwa hatujaliona.

Jingine dogo. Jana mchana mwanamke mwenye mkoba wa buluu alisimama nje ya geti kama robo saa. Mlinzi alipomuuliza shida yake, akasema amepotea njia, akaondoka. Nakueleza kwa sababu Mzee alikuwa dirishani wakati huo, na baada ya hapo hakula.

Mhudumu wa mchana


Chumba cha Walimu
Jumanne, 9 Juni

Kwako Mhudumu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Barua yako imenifikia na nashukuru kwa moyo wako wa kumtunza kaka yangu.

Nakuomba uendelee kuandika kwa anwani hii ya shule, usitafute nyingine. Mama naye alifanya hivyo miaka yote kumi na miwili.

Kuhusu Mzee: jina hilo alipewa na mama akiwa na miaka minne, kwa mwendo huohuo uliouona. Hapendi chai iliyojaa mpaka ukingoni. Lebo ya nguo ikimgusa shingoni anavua nguo hapohapo, awe mbele ya nani. Mama alikuwa anakata lebo zote kwa mkasi mdogo kabla hajampa nguo mpya, na mimi nikiwa nyumbani nilikuwa nazikata mimi. Lebo ikatwe hadi kwenye mshono, usibaki hata uzi. Akikasirika usimshike. Usiseme naye. Kaa chini, basi.

Naomba asiambiwe. Hataelewa, au ataelewa kwa namna itakayomuumiza bure. Mwambie mama amesafiri. Nitakuja mwenyewe kumweleza mitihani ikiisha. Mtu wa damu yake ndiye anayefaa kumwambia, nadhani utakubaliana nami.

Huyo mwanamke wa getini sidhani kama anahusika.

Wako katika kazi,
Dada yake Mzee


Nyumba ya Dharura
Jumamosi, 13 Juni

Mwalimu,

Nimefanya ulivyosema. Nikueleze nilivyofanya, ujue.

Kila mtu hapa ana ubao wa siku. Ni ubao mrefu wenye picha zilizobandikwa kwa kufuatana: sabuni, jembe la bustani, sahani, kikombe, kitanda. Jambo likiisha, mwenye ubao anaitoa picha yake kwa mkono wake na kuitia kwenye mfuko wa kitambaa uliotundikwa chini. Tunauita mfuko wa Kwisha. Pembeni kuna nafasi moja ya mambo ambayo bado, tunaiita Baadaye. Watu wengi wanaokuja hapa maneno yamewachezea sana maisha yao yote, kwa hiyo wanaamini ubao kuliko sisi. Mzee aliuelewa kwa asubuhi moja. Siku ya tatu alimsahihisha mpishi aliyetaka kuleta sahani kabla ya jembe.

Jumatano nilibandika kwenye Baadaye picha ya basi, na chini yake picha ya mama yenu niliyoipata kwenye kopo. Nikasema mama amesafiri. Aliitazama muda mrefu, kisha akaenda bustanini akafanya kazi vizuri.

Sasa habari mbaya. Amekuwa akijigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na jana alivunja kioo cha sebuleni. Kila tukio naliandika kwenye daftari: saa, kilichotangulia, kilichofuata. Bado sijaona kinachotangulia. Habari njema ipo pia: ikifika saa kumi jioni anavaa viatu mwenyewe bila kuambiwa, anafunga kamba, anachukua kopo lake. Ni hatua.

Lililo kubwa ni hili. Tarehe 30 kuna kikao juu yake. Mtaa wa pili kuna nyumba ya watu wanne, mmoja amehama, na nafasi inaweza kuwa yake. Wanamtaka ndugu wa karibu aje mwenyewe, aonekane, atie sahihi kwamba yupo na atakuwa anamtembelea. Asipopatikana, Mzee anapelekwa wodi iliyofungwa ya hospitali kuu. Nimewahi kupeleka watu huko. Hakuna ubao huko.

Nitumie na picha yako. Kwenye kopo hamna hata moja.

Mhudumu wa mchana


Chumba cha Walimu
Jumanne, 16 Juni

Kwako Mhudumu,

Tarehe 30 tuko katikati ya usahihishaji na mwalimu mkuu hatoi ruhusa. Je, siwezi kutia sahihi fomu ukanitumia kwa posta? Mwandiko wangu ni uleule wa kwenye barua, wanaweza kulinganisha.

Picha sina iliyo karibu.

Nafurahi kwamba anavaa viatu mwenyewe. Mama alijaribu kumfundisha miaka.

Dada yake Mzee


Nyumba ya Dharura
Ijumaa, 19 Juni

Mwalimu,

Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulibanwa na mlango.

Mzee ameambiwa. Nimemwambia mimi, jana, saa nne asubuhi. Utakasirika na una haki, lakini kwanza soma.

Juzi nilikaa na daftari la matukio nikayasoma yote kwa mkupuo. Matukio saba, na yote ni baada ya saa kumi jioni. Saa kumi ndipo chai inaisha, na yeye anaitoa picha ya kikombe anaitia kwenye mfuko. Hapo ubao unabaki na kitanda, ambacho bado mapema, na Baadaye: basi na mama. Kwa hiyo anavaa viatu. Anafunga kamba. Anachukua kopo. Anasimama mlangoni kumngoja mama ashuke kwenye basi, kwa sababu ubao umesema. Nusu saa, saa nzima, na mtu haji. Ndipo anapogonga kichwa.

Mimi nilikuandikia kwamba ni hatua. Nilimsifu kwa viatu. Kwenye chumba chetu cha wahudumu kuna karatasi ukutani niliyoiandika mwenyewe miaka kumi na nne iliyopita: Usibandike kisichokuja. Wahudumu wapya nawasomesha hiyo siku ya kwanza. Na mimi mwenyewe nilibandika kisichokuja, kikakaa ubaoni siku nane. Nimezihesabu mara mbili.

Nilimkalisha mezani nikamwambia hivi: Mama amekufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Harudi. Sikusema ametutoka, wala ametangulia, wala amepumzika. Ukimwambia Mzee mama amepumzika atauliza anaamka saa ngapi.

Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Nani atakata lebo?"

Nikamwambia nitakata mimi. Akatikisa kichwa kukataa, akaenda bustanini bila jembe. Picha ya mama hakuitia kwenye mfuko wa Kwisha. Ameiweka kwenye mfuko wa shati. Jana jioni hakuvaa viatu, na hakujigonga.

Fomu haisainiwi kwa posta. Nimeuliza. Zimebaki siku kumi na moja.

Mhudumu wa mchana


Chumba cha Walimu
Jumatatu, 22 Juni

Mhudumu,

Nilisoma barua yako stoo ya vitabu, mlango nimeufunga. Nilitaka kukuandikia kwamba hukuwa na ruhusa. Nimeandika hivyo kwenye karatasi tatu na zote nimezichana.

Si mlango uliobana mkono wako. Nikiwa na umri wa miaka tisa, niliondoa kiti cha mama mezani kwa sababu alikuwa amelazwa na nilitaka nafasi ya kuandikia. Mzee alinikamata kifundo hiki cha mkono wa kulia akakizungusha mpaka kikaalika. Baadaye alikaa chini kando yangu hapohapo, hadi jioni. Kama amekuumiza sema amekuumiza. Mimi nimechoka na watu wanaosema mlango, nami ni mmoja wao.

Nikueleze. Mume wangu hajui kama nina kaka. Hajui kama nilikuwa na mama. Nilipokuwa na miaka ishirini na minne, mama yake alinikalisha akaniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wa namna yoyote, watoto wasije wakaurithi. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Aliacha kufua, akajipangusa mikono, akaniambia nenda, sema huna mtu, Mzee yuko na mimi. Nikasema sina mtu. Kwenye harusi alinisimamia mwalimu mkuu wangu wa zamani. Mama alikuwa ananiandikia hapa shuleni, nami namjibu, na likizo mbili kwa mwaka nilikuwa nasema nina semina.

Jirani alipopiga simu nilikuwa darasani. Nilirudi nikamalizia somo. Nyumbani nilipika. Hakuna aliyenipa pole, angenipaje? Mtu wa kwanza na wa mwisho kuniandikia neno hilo ni wewe, na ulikuwa hunijui.

Picha hii nimeikata kwenye picha ya walimu wote. Huo mkono begani ni wa mwalimu wa hesabu, usijali.

Sijui kama nitaweza kuja. Nakuambia kweli, sijui.

Dada yake Mzee


Nyumba ya Dharura
Alhamisi, 25 Juni

Dada,

Alinikamata, ndiyo. Kabla sijamwambia neno lolote nilinyoosha mkono kuitoa picha ya mama yake ubaoni. Picha hutolewa na mwenye ubao, na mimi nilifanya kosa la mtu wa wiki ya kwanza. Alikizungusha kifundo kama ulivyosema, kisha akakaa chini sakafuni kando yangu. Nilimwambia habari tukiwa tumekaa hapohapo. Ile meza niliyokuandikia haikuwepo.

Kwenye daftari niliandika mlango. Tukio likimuumiza mtu, wodi inakuwa karibu zaidi, na sikutaka kalamu yangu impeleke. Barua yako ilipofika nililisahihisha daftari, nikaenda kwa msimamizi nikamweleza. Alivua miwani, akavaa. Sasa ukweli uko wazi na umemgharimu Mzee: msimamizi anasema asipomwona ndugu kwa macho yake Jumanne, hana la kuwaambia wenye nyumba ya watu wanne. Nafasi ya pili hakuna.

Nilimwonyesha picha yako jana. Sikuibandika, niliiweka tu mezani. Aliiinamia akaishika kwa vidole viwili kwenye kingo, kama mtu anayeogopa kuichafua. Kisha akaenda kwenye boksi la picha zetu, akapekua mpaka akapata aliyokuwa anaitaka. Ni picha ya geti. Tunaitumia kwa watu wanaopenda kutembea nje. Akaweka geti kwanza, na wewe kando yake, upande wa nje. Nikamuuliza kwa nini hapo.

"Alisimama," akasema. "Hakuingia."

Jirani aliniambia tangu tarehe sita kwamba ulikuja mazikoni, na kwamba mkoba wako ni wa buluu. Sikukuandikia, nilitaka ulitamke mwenyewe. Hilo nalo ni aina yangu ya mlango.

Nakuuliza jambo moja tu na nahitaji neno moja. Nikubandike au nisikubandike? Ukisema sijui, sikubandiki. Picha itabaki kwenye droo yangu na atapelekwa wodini akijua kwamba hakuna aliyemwahidi kitu. Nitakuwa nimemtendea haki hata hivyo.

Mhudumu wa mchana


Jumamosi, 27 Juni
(kwa mkono wa kondakta)

Dada,

Siku ile Mzee alikuwa anafua uani. Nilimwona kupitia nondo za geti, anafua fulana moja tu, anaisuuza, anaifua tena, kisha akaingia ndani akasimama dirishani. Nywele zake zimekuwa na mvi. Nilikuwa nimetoka kumzika mama, jirani kanielekeza kwenu, na nikafikiri, nikiingia sitatoka. Nikarudi kituoni.

Nimemwambia mume wangu leo mchana, baada ya kula. Ametoka, amerudi, ameketi, bado hajasema kitu.

Bandika. Jumanne, basi la saa saba.

Dada yake


Nyumba ya Dharura
Jumanne, 30 Juni, saa sita kasorobo

Dada,

Barua hii nimemwachia mlinzi akupe getini. Siwezi kuja kukupokea, Mzee hataki niondoke kando ya ubao.

Leo asubuhi ubao ulikuwa na picha nne. Chai ya asubuhi, viatu, geti, wewe; mbili za kwanza ameshazitia kwenye mfuko. Baada yako pako wazi. Aliniuliza nini kinafuata hapo, nikamwambia sijui, na nisichokijua sikibandiki. Amekubali. Kitanda amekitoa mwenyewe, anasema bado.

Ukiingia usimkumbatie. Usilie kwa sauti kama unaweza, na kama huwezi, kaa chini kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye ubao usimame pale, na umwache aitoe picha yako kwa mkono wake. Anaweza kuitia kwenye mfuko wa Kwisha, maana yake ni kwamba umefika, usije ukaielewa vibaya. Anaweza pia kuiweka kwenye mfuko wa shati. Ya mama iko humo tangu siku ile.

Msimamizi anatungoja saa nane. Wodini wameshaambiwa watengeneze kitanda, ila hakijapewa jina. Fomu ni ukurasa mmoja na kalamu ipo.

Nilimletea fulana mbili mpya. Zote zina lebo. Nilichukua mkasi mara tatu, na mara tatu ameuficha mkasi. Leo asubuhi ameutoa mwenyewe, ameukunjia kwenye fulana, ameviweka juu ya kopo la barua zako. Mpishi akamuuliza nani atakata. Akamjibu dada anajua, hadi kwenye mshono.

Sijui mume wako alisemaje mwishoni. Sijui kama ulipanda basi. Ikifika saa kumi na barua hii bado iko kwa mlinzi, atanirudishia, na atakayemwambia Mzee ni mimi. Maneno nimeshayapanga. Nitakaa sakafuni, na picha sitaigusa.

Lakini kama umesoma mpaka hapa, basi uko getini. Yeye yuko dirishani tangu saa tatu, viatu vimefungwa kamba. Anakuona.

Usisimame.

Mhudumu wa mchana